Uainishaji wa Filamu kama Usomaji: Bodi, Hadhira na Chinsoni katika Kisii na Nyamira

Utangulizi

Kwa mujibu wa sheria ya Kenya, kila filamu inayokusudiwa kuoneshwa hadharani hupata mhakiki wake wa kwanza kabla mtazamaji hajaketi. Mhakiki huyo haandiki magazetini wala hafundishi katika idara yoyote ya fasihi. Ni ofisa wa Bodi ya Kuainisha Filamu (KFCB), ambaye huitazama kazi, huipima kwa mwongozo, kisha huipa alama: ya watu wote, ya uangalizi wa wazazi, ya waliotimiza miaka 16, ya waliotimiza miaka 18, au huikataa kabisa. Hakuna tahakiki iliyopata kuchapishwa katika jarida kama hili yenye nguvu ya uamuzi huo. Tunaposema kwamba tamthilia fulani ina kasoro ya msuko, tamthilia huendelea kuigizwa. Mhakiki wa Bodi akisema hivyo, kazi inaweza kutoweka.

Mjadala wa udhibiti nchini umeachiwa wanasheria na wanaharakati kwa upande mmoja, na viongozi wa dini na watetezi wa maadili kwa upande wa pili. Wanafasihi tumekaa kando, kana kwamba jambo hili haligusi taaluma yetu. Makala haya yanadai kinyume. Yanadai kwamba kuainisha filamu ni kuisoma, na kwamba usomaji huo unapaswa kupimwa kwa kanuni zile zile tunazowapimia wanafunzi wetu: je, umeisoma kazi nzima? Je, hoja yako inatokana na matini? Je, unaijua lugha ya matini na hadhira yake?

Hoja hiyo itajadiliwa kutoka Kisii na Nyamira, na si kutoka Nairobi ambako Bodi ina makao yake. Uteuzi huu una sababu tatu. Kwanza, katika nchi ya Abagusii kigezo kimoja cha uainishaji, kile cha ushirikina, kinagusa uhai na kifo. Pili, jamii hii ina nadharia yake kongwe kuhusu nani anaweza kusikia nini akiwa na nani. Tatu, ni katika Mahakama Kuu ya Kisii, mwaka 2025, ambapo mzozo baina ya sanaa ya jukwaani na mamlaka ulitolewa amri inayofaa kutafakariwa.

Jina jipya, sheria kongwe

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ilitungwa mwaka 1962, kabla bendera ya Uhuru haijapandishwa, na mizizi yake inafika kwenye sheria ya kikoloni ya mwaka 1912. Katika mwaka huo huo wa 1912 Waingereza waliunda bodi yao ya kudhibiti filamu jijini London. Bodi hiyo ilibadili jina mwaka 1984, neno la udhibiti likaondolewa na la uainishaji likawekwa mahali pake. Bodi ya Kenya nayo, baada ya miaka mingi ya kuitwa ya udhibiti, ilifuata njia hiyo hiyo. Lakini jina ni jambo moja na mamlaka ni jambo jingine. Mwainishaji humwambia mtazamaji kilichomo ndani ya kazi. Mdhibiti humwamulia asikione. Sura ya 222 iliziacha kazi hizo mbili mikononi mwa chombo kimoja.

Mkoloni alikuwa na nadharia ya hadhira. Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilipoanzishwa mwaka 1939, kiongozi wake, William Sellers, alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata mbinu za kawaida za kamera. Atengenezewe filamu za mwendo wa polepole, zenye picha sahili na fundisho lililo wazi. Mtazamaji huyo alikuwa mtoto, hata akiwa na mvi. Nadharia hiyo ingestahili kuzikwa pamoja na utawala uliouzaa. Hata hivyo, kila mara mamlaka inaposema kwamba wananchi wataiga wanachokiona, Sellers husikika akikohoa chumba cha pili.

Katiba ya mwaka 2010 ilileta msingi mwingine. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa, na inataja yale yasiyolindwa: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na utetezi wa chuki. Maadili hayamo katika orodha hiyo. Kwa hiyo mvutano uliopo ni kati ya matini mbili za kisheria zenye dhana mbili tofauti za msomaji: moja inamwona kuwa raia, nyingine inamwona kuwa mtu wa kuhifadhiwa.

Kuhesabu si kusoma

Mwongozo wa Bodi umepanga maudhui katika mafungu, yakiwemo ukatili, ngono na uchi, dawa za kulevya na pombe, na ushirikina na vitisho. Mafungu haya yana manufaa. Mzazi ana haki ya kujua kilichomo katika filamu kabla ya kumkalisha mwanawe mbele yake, na hakuna katika makala haya anayetaka haki hiyo iondolewe. Tatizo huanza pale fungu linapogeuzwa kuwa hukumu. Pale tukio linapohesabiwa bila kuulizwa linafanya kazi gani katika kazi nzima.

Tuchukue fungu la ushirikina. Katika mwongozo limeunganishwa na vitisho, maana lilikotoka mchawi ni kiumbe wa filamu za kutisha: hutokea usiku, hupiga ukelele, na taa zikiwashwa ametoweka. Katika Kisii na Nyamira mchawi wa kuogopewa ni neno linaloweza kumwangukia jirani. Wimbi la mauaji ya washukiwa wa uchawi la miaka ya mwanzo ya 1990 limechunguzwa kwa kina na Justus Ogembo katika kitabu chake cha mwaka 2006. Mwezi Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto katika eneo la Kisii. Mwezi Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani. Mara kwa mara nyuma ya shutuma hizi kumeonekana ugomvi wa ardhi, katika nchi ambayo mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena hadi yakawa vipande vidogo.

Sasa tubuni filamu mbili. Ya kwanza ni kichekesho. Bikizee anashukiwa na majirani. Watoto wanamwiga anavyotembea. Mganga bandia anakuja na vibuyu. Mwishoni bikizee anahama usiku na kijiji kinacheka. Hakuna damu, hakuna tusi, hakuna uchi. Filamu ya pili inaanza kwa moto. Tunasikia mayowe, tunaona nyumba ikiungua, kisha kwa muda wote uliobaki tunamfuata mjukuu anayepita nyumba hadi nyumba akiuliza ni nani aliyelitaja jina la bibi yake kwanza. Kwa kipimo cha kuhesabu, ya kwanza yaweza kupewa watoto walio na wazazi wao. Ya pili itafungiwa kwa watu wazima, ikiwa itapita. Lakini ni ipi kati ya hizi inayomzoesha mtazamaji kuuona uzee wa mwanamke kuwa ushahidi? Ni ipi inayomfundisha kucheka mahali pa kuuliza? Kipimo hakiwezi kutujibu, kwa sababu kinaona tukio na hakioni mtazamo wa msimulizi kuhusu tukio.

Mfano usio wa kubuni upo. *The Letter*, filamu ya hali halisi ya Maia Lekow na Chris King iliyotoka mwaka 2019, inamfuata kijana anayerudi kwao pwani kutoka Mombasa baada ya kusikia kwamba bibi yake ametuhumiwa uchawi na watu wa ukoo wake mwenyewe. Uzito wake hautokani na picha za mauaji. Unatokana na vikao vya familia, sauti za upole, sala, na swali la shamba ambalo kila mtu analizunguka. Mtazamaji wa Nyamira angeitambua nyumba hiyo hata kama haielewi lugha inayozungumzwa ndani yake.

Suala la lugha lenyewe halipaswi kupitwa. Ekegusii hutofautisha omorogi, anayedhaniwa kuua kwa siri, na omonyamosira, mwenye dawa anayeajiriwa kulinda au kulipiza kisasi, na omoragori, mpiga ramli ambaye kwa desturi ni mwanamke. LeVine alikwisha kuzieleza tofauti hizi mwaka 1963. Filamu ya Ekegusii inaweza kujengwa yote juu ya swali la ni lini mmoja anageuka kuwa mwingine machoni pa kijiji. Tafsiri ya maandishi chini ya picha ikiwaita wote "wachawi" au "waganga", msuko wenyewe umepotea, na anayeainisha kwa kutegemea tafsiri hiyo ameainisha filamu nyingine.

Nia na hatima

Mfano mashuhuri zaidi wa Bodi kusoma ni *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko, "Jambula Tree", mshindi wa Tuzo ya Caine ya mwaka 2007. Bodi iliipiga marufuku mwezi Aprili 2018, siku chache kabla haijawa filamu ya kwanza ya Kenya kuoneshwa katika tamasha la Cannes. Sababu iliyotangazwa ilikuwa mada yake ya mapenzi ya jinsia moja, na nia ya wazi ya kuyahimiza mapenzi hayo kinyume cha sheria. Mtengenezaji naye ameeleza kwamba aliombwa abadili mwisho wa filamu, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno na haukuonesha majuto ya kutosha.

Hapa hatuna tena kuhesabu matukio. Tuna uhakiki kamili wenye dhana mbili, na kila moja ina historia katika taaluma yetu. Ya kwanza ni dhana ya nia. Tangu Wimsatt na Beardsley (1946), mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huonywa kwamba nia ya mtunzi si kipimo cha kutosha cha maana ya kazi. Tunaweza kutokubaliana na ukali wa onyo hilo. Uhakiki wa Kiafrika haujapata kumfukuza mtunzi katika kazi yake, na haukuwa na sababu ya kufanya hivyo. Hata hivyo, anayedai nia lazima aioneshe katika matini. Kuwasawiri wapenzi wawili kwa huruma si sawa na kutoa wito, kama vile kumsawiri muuaji kwa huruma si wito wa kuua.

Dhana ya pili ni ya hatima. Kudai kwamba wakosaji sharti wajute kabla pazia halijafungwa ni kudai haki ya kishairi, kanuni ya kale kwamba mwema atuzwe na mwovu aadhibiwe. Kanuni hiyo si geni kwetu: hadithi nyingi za bibi zilihitimishwa hivyo, na fasihi ya Kiswahili ya mawaidha imeitumia sana. Lakini ni kanuni ya utanzu mmoja miongoni mwa tanzu nyingi. Kuigeuza sharti la leseni ni kuilazimisha sanaa nzima kuwa ngano. Tena, sharti hilo linafichua jambo: kwa kipimo hiki, maumivu ya wahusika hayakuwa tatizo. Katika *Rafiki* kuna kundi la majirani linalowavamia na kuwapiga wasichana wawili. Kuna kituo cha polisi kinachowadhihaki. Kuna maombi ya kumtoa binti pepo. Filamu ingemalizikia hapo, katika aibu na machozi, pengine ingekuwa na njia nyepesi zaidi. Kilichosumbua ni mkono unaowekwa begani mwishoni. Msomaji wa Kisii ana sababu ya kusimama hapa. Anajua kundi la majirani linalovunja mlango lina sura gani. Usomaji unaoliona tumaini kuwa hatari zaidi ya kundi hilo haujaisoma filamu vizuri.

Mwezi Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, ili filamu itimize masharti ya kuwania tuzo za Oscar. Kumbi zikajaa, siku ya nane ikarudi gizani. Mwezi Aprili 2020 Jaji James Makau aliikubali marufuku, na shauri likaenda rufani.

Chinsoni: nadharia ya hadhira

Kufikia hapa hoja yetu yaweza kudhaniwa kuwa ni ya uhuru dhidi ya mila. Sivyo. Mila ya Abagusii ina uainishaji wake, na katika jambo moja ni wa kina kuliko ule wa alama za umri.

Chinsoni ni kanuni za haya na heshima zinazotawala mahusiano ya vizazi. Baba na mwana, mama mkwe na mkwe, wote walio katika vizazi vinavyofuatana, hawapaswi kukutanishwa na maneno au vitendo vinavyohusu mambo ya mwili. Baina ya babu na mjukuu, au baina ya marika, mlango huo uko wazi: utani unaruhusiwa, na mengi ambayo mzazi hawezi kuyatamka hufundishwa na bibi. Maneno ni yale yale. Kinachobadilika ni nani amekaa na nani.

Tuilinganishe kanuni hii na alama ya miaka 18. Alama humpima mtazamaji akiwa peke yake, kana kwamba kila mtu ana kiti chake katika ukumbi wenye giza. Lakini katika nyumba nyingi za Keroka au Nyansiongo filamu hutazamwa sebuleni na watu wa vizazi vitatu. Mwana wa miaka 30 aliyekaa karibu na baba yake atainuka na kutoka nje kwenye onyesho ambalo alama inamruhusu kulitazama. Hahitaji ofisa wa kumwambia. Kinyume chake, vijana wa rika moja katika kibanda cha video wanaweza kulitazama onyesho hilo na kulijadili bila kuvunja heshima yoyote. Kwa chinsoni, uchafu si sifa ya matini. Ni sifa ya mkutano wa matini na wasikilizaji fulani. Wananadharia wa upokezi wa Ulaya walihitaji vitabu vizito kulifikia wazo linalofanana na hilo.

Kibanda cha video kinaongeza utata. Humo filamu ya Hollywood au ya Kihindi mara nyingi huja na sauti ya msimulizi, na DJ Afro ndiye mashuhuri kupita wote, anayeifasiri kwa Kiswahili cha mitaani, anawapa wahusika majina mapya, anatania na kuhukumu. Matini inayopokelewa hapo ni ya fanani na hadhira yake, karibu zaidi na utambaji wa hadithi kuliko na sinema. Alama iliyopewa filamu asilia inaihusu nusu tu ya kinachosikika.

Tusiitukuze chinsoni kupita kiasi. Haya hiyo hiyo inayolinda heshima ya sebule imewahi kufunika madhila ya waliokosa bibi wa kumweleza, na simu ya mkononi imevunja mkutano ambao kanuni iliutegemea: kijana hutazama peke yake, chini ya blanketi, vichekesho vya Ekegusii na mengine yasiyo na lugha. Tunachokichukua kutoka kwa chinsoni ni kanuni yake. Haikuifuta hadithi kwa sababu baba na mwana hawawezi kuisikia pamoja. Iliwapanga wasikilizaji, ikaiacha hadithi iishi. Huo ndio uainishaji kwa maana yake halisi. Marufuku ni kitu kingine.

Amri ya Kisii

Sura ya 222 inazifunga filamu na michezo ya jukwaani kamba moja, na mashuleni pia tanzu hizo hushindanishwa pamoja katika Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu, ambalo shule za Kisii na Nyamira hushiriki. Ndiyo maana kisa cha tamthilia kinatuhusu. Mwaka 2013 *Shackles of Doom* ya Shule ya Wasichana ya Butere ilizuiwa kwa madai ya uchochezi, na Jaji David Majanja akaamuru iigizwe. Mwaka 2025 shule hiyo ilizuiwa tena, safari hii kwa *Echoes of War* ya Cleophas Malala, mtunzi yule yule. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya Kisii, na tarehe 3 Aprili Jaji Okwany, yule yule wa siku saba za *Rafiki*, akaamuru wasichana waruhusiwe kuigiza.

Yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 10 Aprili, huko Nakuru, wasichana walifika jukwaani bila mwelekezi wao, bila vifaa vya sauti na bila hadhira. Waliimba wimbo wa taifa wakaondoka. Nje, polisi walikuwa wamerusha vitoa machozi. Amri ilikuwapo, igizo halikuwapo.

Funzo la kisa hiki ni kwamba mahakama inaweza kufungua mlango lakini haiwezi kukaa katika viti. Mahakama huuliza kama haki imevunjwa, na hilo ni swali la lazima. Haiulizi kazi inasema nini, kwa mbinu gani, na kwa nani. Baada ya Kamirithu, ambako *Ngaahika Ndeenda* ilinyang'anywa leseni mwaka 1977, tulipaswa kuelewa kwamba tamthilia huuawa kwa kuondolewa hadhira kabla ya kuondolewa maneno. Na hadhira iliyonyimwa kazi hunyimwa pia mjadala. Hubaki na uvumi kuhusu kazi. Katika nchi ambayo uvumi umewahi kuchoma nyumba, hilo si jambo dogo.

Hitimisho

Tumedai kwamba mwainishaji ni msomaji. Ikiwa ni hivyo, yapo mambo matatu ambayo taaluma yetu ina haki ya kuyadai kwake. La kwanza, kila kazi inayokataliwa iandikiwe sababu zinazotaja sehemu za matini na kuchapishwa, ili ziweze kujibiwa. Hukumu isiyo na ushahidi tunairudisha kwa mwanafunzi, na hatuna sababu ya kuipokea kutoka kwa ofisi. La pili, kazi ya Ekegusii, au ya lugha yoyote ya nchi hii, isomwe na anayeijua lugha hiyo pamoja na adabu zake za usemi. La tatu, kuainisha kutenganishwe na kuzuia: Bodi imwambie mzazi kilichomo, na yale ambayo Ibara ya 33 haiyalindi yaamuliwe na mahakama kwa hoja zilizo wazi.

Lakini dai la nne ni juu yetu wenyewe. *Rafiki* ilipooneshwa kwa siku saba, ni tahakiki ngapi za Kiswahili zilizoandikwa na watu wa idara za fasihi? Vichekesho vya Ekegusii vinavyotazamwa kila siku kutoka Suneka hadi Nyamira vimechambuliwa wapi? Tumeiachia Bodi kazi ya kusoma, kisha tunalalamika kwamba inasoma vibaya. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya tasnifu asiende mbali. Aanze na bikizee wa kichekesho, yule ambaye kijiji kinacheka akihama usiku, na atuulize sote tulikuwa tukicheka nini.